Kukaa na Kumiliki

Mitaa ya Thika haioni haya kwa majina yake. Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio pembeni mwa mji, umebeba neno la Kikuyu la funza. Landless, ambako siku hizi kuna maghorofa na mageti ya chuma, ungali unaitwa kwa Kiingereza mtaa wa wasio na ardhi, ijapokuwa wapo wakazi wake wenye hatimiliki kabatini. Ukishuka na barabara kuu kuelekea Nairobi unaingia Ruiru, mji uliokuwa na watu 238,858 katika sensa ya 2009 na 490,120 katika sensa ya 2019, ukawa wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Mashamba ya kahawa yalikatwa yakawa ploti, ploti zikaota vyumba vya kupangisha, vyumba vikajaa. Mahali kama hapa, mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu hauwezi kupita kimyakimya. Kila linapozuka wazo la kubomoa nyumba kongwe ambazo kaunti ilizirithi kutoka kwa baraza la mji, au la kuupanga upya mtaa wa mabanda, mabishano huanza, na ukitega sikio utagundua kwamba wanaobishana hawabishanii kitu kimoja. Afisa anataja idadi ya nyumba zitakazojengwa. Mpangaji wa miaka sabini na kitu anauliza atalala wapi, na karibu na nani.

Sheria haijamsahau mzee huyu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa. Kifungu cha 57 kinawataja wazee peke yao: waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, wapate matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Kiunganishi hicho kidogo, “na”, nitakirudia. Machi 2024 ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, baada ya Mahakama Kuu kuibatilisha tozo ya awali ya nyumba Novemba 2023 kwa kukosa msingi kamili wa kisheria na kuwabagua wenye mishahara. Sasa mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi anaelekezwa kwenye nyumba za kijamii. Mpaka hapo mlango uko wazi. Kinachomfungia mzee nje ni hesabu. Nyumba za Mukuru, Nairobi, zilipoanza kukabidhiwa Mei 2025, chumba kimoja kilikuwa cha shilingi 640,000, kikilipiwa takriban 3,900 kwa mwezi hadi miaka 30. Sasa mchukue mwanamke wa miaka 72 anayeishi kwa fedha za Inua Jamii, yaani shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Malipo ya mwezi mmoja yanakula karibu posho yake ya miezi miwili. Asilimia 10 ya kutanguliza, kanuni ambayo mpango ulianza nayo, ni shilingi 64,000: miaka miwili na miezi minane bila kula. Na akijaliwa kulipa mpaka mwisho, atapewa nyumba yake akiwa na miaka 102.

Ni rahisi kudhani kwamba dawa ni kupunguza bei. Nadhani tatizo limekaa chini zaidi, katika wazo lililoubeba mpango mzima. Mtandao wa kujiandikishia umepewa jina la Boma Yangu, na jina hilo linasema mengi: usalama wa mtu ni kumiliki, na anayemiliki ndiye mwenye boma. Kwa kijana wa miaka 28 mwenye kazi kiwandani, wazo hilo lina mantiki. Ana miaka ya kulipa na miaka ya kufaidi. Kwa mzee asiye na hatimiliki, swali la haki ni jingine. Ninachotaka kutetea ni kwamba anachodai ni haki ya kukaa, maisha yake yote yaliyobaki, kati ya watu wanaomjua, na kwamba haki hiyo inasimama yenyewe hata kama hatamiliki tofali moja. Kumwambia anunue ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Kiambu haihitaji kuazima wazo hili ng'ambo. Katika utaratibu wa zamani wa Wakikuyu ardhi ilikuwa ya ukoo, lakini si kila aliyeishi juu yake alikuwa wa ukoo ule. Muhoi alipewa sehemu ya kulima kwa urafiki, bila malipo. Muthami aliongezewa ruhusa ya kujenga. Hawakuwa wenye mali, na hakuna aliyewaita wavamizi. Walijulikana, walikuwa na majirani, walikuwa na wajibu, na kukaa kwao kulikuwa jambo lenye jina katika lugha. Kisha, kuanzia mpango wa Swynnerton wa 1954, serikali ya kikoloni ilikusanya vipande vya mashamba na kuandikisha kila kipande kwa jina la mwenyewe. Daftari lilikuwa na nafasi ya mmiliki. Muhoi na muthami hawakuwa na safu ya kuandikiwa, na haki yao ikayeyuka bila mtu kuitangaza kuwa imefutwa. Miaka hiyohiyo watu walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji vya hali ya hatari, ambavyo baadhi yake vimebaki hadi leo, vikikaliwa na wajukuu wanaosubiri karatasi. Kwa hiyo mtu wa Thika anaposhtuka kusikia serikali ikisema “tutawahamisha, mtarudi pazuri zaidi”, hashtuki kwa ujinga. Anakumbuka. Na mpangaji mkongwe wa nyumba ya kaunti, aliyelipa kodi tangu viwanda vilipokuwa vikiajiri kwa wingi, ndiye muthami wa siku hizi: anajulikana na kila mtu isipokuwa daftari.

Anayetaka andiko la Biblia la kumtetea mpangaji huyu hukimbilia shamba la mizabibu la Nabothi, lililoporwa na mfalme. Silioni kama andiko linalofaa. Nabothi alikuwa mmiliki, na wakili wa kaunti atalimaliza suala hilo kwa sentensi moja. Linalofaa zaidi liko katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, kwa yule mwanamke wa Shunemu aliyemjengea Elisha chumba kidogo juu ya nyumba, akamwekea kitanda, meza, kiti na taa. Nabii alipotaka kumlipa fadhila kwa kumwombea jambo kwa mfalme, alijibu kwamba yeye anaishi miongoni mwa watu wake. Hakutaka zaidi. Watu wengi husoma jibu lile kama unyenyekevu; mimi nalisoma kama maelezo kamili ya utajiri. Alikuwa na kile ambacho mfalme hana uwezo wa kukitoa, ingawa ana uwezo mkubwa wa kukiharibu.

Lakini ushahidi wenye uzito zaidi uko katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, ambayo wahubiri hupita haraka kwa sababu inasomeka kama sheria ndogo za halmashauri. Sura ile inatofautisha nyumba na nyumba. Shamba likiuzwa kwa shida, hurudi kwa mwenyewe mwaka wa yubile, na nyumba ya kijijini hufuata shamba. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye kuta ni tofauti: mwenyewe ana mwaka mmoja wa kuikomboa, ukipita imekwenda moja kwa moja. Ubaridi huu una sababu. Sheria ilimchukulia mtu wa mjini kuwa ana kwao kwingine, ana shamba litakalomrudia, basi akipoteza nyumba ya mjini hajapoteza boma. Ni dhana ileile tunayoitumia Kenya tunaposema mzee arudi ushago, yaani kijijini kwao. Kisha sheria inaweka kando kundi moja, Walawi, ambao hawakupewa fungu la ardhi katika Israeli. Milki yao ilikuwa nyumba za miji yao, na kwa hiyo wao peke yao waliruhusiwa kuzikomboa wakati wowote, bila kikomo, na nyumba zao hurudi kwao. Mtunga sheria alijua kwamba kanuni moja kwa wote ingekuwa dhuluma kwa asiye na pa kurudi. Thika imejaa Walawi wa aina hiyo, bila ukuhani: watu waliozaliwa katika vijiji vya hali ya hatari, au waliokuja kutoka mikoa mingine kufuata kazi za mananasi na nguo, ambao ukiwaambia warudi ushago watakuuliza ni upi. Na msingi ambao sura ile inautaja chini ya yote ni kwamba ardhi ni ya Mungu na wanadamu ni wageni wake juu yake. Kwa Kikuyu cha zamani, tungesema wote ni ahoi, yaani kila mmoja ni muhoi, mwenye nyumba ya geti pale Membley, Ruiru, pamoja naye.

Hapo ndipo pingamizi lenye nguvu kuliko yote linapoingia, nalo ni la kidini vilevile. Mzee ni wa watoto wake. Serikali ikijenga nyumba za wazee, itakuwa imewapa watoto ruhusa ya kuwatelekeza. Leo chumba cha kaunti, kesho hakuna anayepiga simu. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, anawaagiza watoto na wajukuu waanze kwa kuwalipa wazazi wao fadhila, ili kanisa lisilemewe na libaki na uwezo wa kuwasaidia wajane walio peke yao. Kurani, katika sura ya 17, inamkataza mtoto hata kuguna mbele ya mzazi aliyefikia uzee akiwa kwake. Akiwa kwake: wafasiri wanalipa uzito neno hilo, maana uzee wa mzazi unafikiriwa kuwa ndani ya nyumba ya mtoto. Sidhani pingamizi hili linaweza kufukuzwa kwa kusema kwamba nyakati zimebadilika. Wajibu haubadiliki kwa sababu nauli imepanda.

Hata hivyo, tuangalie Yesu alimkemea nani katika Marko 7. Aliwakemea waliosema kwamba kile ambacho wangempa mzazi kimekwisha kuwekwa wakfu, ni korbani, na hivyo mikono yao ni safi. Korbani ya leo inaweza kuwa hati ya mshahara: nimekatwa asilimia 1.5, basi mama yangu ni wa serikali. Hilo ni kosa. Lakini kuna korbani ya upande wa pili ambayo wanaopinga nyumba za wazee hawaioni. Ni kulitumia jina takatifu la familia ili jamii isitoe kitu: ana watoto, mambo ya watoto wake tusiyaingilie. Jina la familia linawekwa madhabahuni, na mzee anabaki barazani na mfuko wake wa nguo. Ndiyo maana Katiba imesema familia na Serikali. Haikusema “au”. Kijana anayepanga chumba kimoja Githurai na mke na watoto wawili hawezi kumweka mamaye chumbani humo, na kumwambia amweke ni kumtaka achague amri ipi avunje. Mama akiwa na mlango wake Makongeni, Thika, mtoto anaweza kwenda Jumapili na unga na sukari, na akakaribishwa kama mgeni wa mwenye nyumba. Heshima kwa mzazi inapata mahali pa kufanyikia. Eneo hili halina ugeni na jambo hilo. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na tangu hapo wazazi wamepeleka watoto huko bila kuacha kuwa wazazi. Masista wa Little Sisters of the Poor wanatunza wazee Kasarani, kando ya barabara hiyohiyo ya Thika. Ninalohofia katika makao ya namna hiyo, hata yakiwa mema kiasi gani, ni umbali: mzee anapata kitanda na kupoteza majirani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na anayegundua kwamba mzee hajafungua mlango tangu asubuhi ni jirani, si mtoto aliye Mombasa.

Pingamizi la mwenye ploti silo la maandiko, lakini ndilo linalosikika kwa sauti ya juu zaidi Ruiru. Wasomi wa mipango hulidharau. Wanamwona landilodi kama mnyonyaji anayelinda soko lake. Wangetazama ni nani hasa. Vyumba kumi vya mabati au mawe pale Kimbo mara nyingi ni uzee wa mtu. NSSF, mfuko wa taifa wa malipo ya uzeeni, kwa miongo mingi ililipa mkupuo mmoja, na mkupuo haukai. Fundi alijua, akaugeuza kuwa kuta. Kwa hiyo serikali inapojenga maghorofa jirani kwa fedha za tozo, mzee mmoja anajengewa kwa gharama ya mzee mwingine. Hoja hii ni ya haki, nami ningeitaka kaunti ikae na wenye ploti mapema, iwape idadi kamili na tarehe, pamoja na majibu kuhusu maji na mifereji ya majitaka, mambo ambayo hayana uchoyo ndani yake. Lakini tuifuatilie hoja mpaka mwisho. Mpangaji anayehama kutoka vyumba vya Kimbo kwenda ghorofa la serikali ni kijana mwenye kipato, yule mwenye uwezo wa kununua. Mwanamke wa shilingi 2,000 hakuwa soko la mtu yeyote. Akiwa amepanga kwa landilodi, basi mmoja anambeba mwenzake, kodi ikichelewa miezi hadi siku kufuli ibadilishwe, na hakuna kati yao anayelala vizuri. Malalamiko ya mwenye ploti ni dhidi ya nyumba za kuuza. Dhidi ya nyumba za wazee za kukaa tu, hana la kupoteza.

Vijana nao wana neno. Juni 2024 walijaza barabara mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa, na tozo ya nyumba ilikuwa miongoni mwa makato yaliyokwisha kuwachosha. Kwa nini nilipie nyumba nisiyoijua ya mtu nisiyemjua? Nyerere, katika andiko lake la 1962 kuhusu ujamaa, alimtetea mzee anayeonekana kula bila kufanya kazi kwa kukumbusha kwamba alifanya kazi ujana wake wote. Hoja hiyo inasimama Thika kuliko mahali pengi, maana mji ule umejengwa na migongo ya watu waliolipwa kwa wiki. Ila haitoshi kumjibu kijana asiyeamini kwamba fedha zake zinafika zinakokwenda. Shaka hiyo haiponi kwa falsafa. Inapona kwa daftari lililo wazi.

Kuna wanaonikubalia yote haya kisha wakaniuliza: haki ya kukaa bila kumiliki inamwacha mzee aachie nini warithi? Jibu ni kwamba hawaachii nyumba. Mwenyewe akifariki, mlango unakwenda kwa mzee mwingine. Kwa Waislamu wa pwani jambo hili si geni; mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, manufaa yake ndiyo yanayotolewa, na kutoka Lamu hadi Mombasa kuna nyumba zilizowekwa hivyo vizazi kadhaa vilivyopita. Zaidi ya hayo, mali inayoweza kurithiwa mapema si baraka tupu kwa mwenye mvi. Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma mara kwa mara kumekutwa tamaa ya ardhi. Asiye na cha kurithiwa ana bima ya ajabu: watoto wakimjia, wamekuja kwake yeye. Nakiri kwamba kuna hasara. Mtu aliyelipa kodi ya kaunti miaka 40 anastahili kuona jasho lake likiandikwa mahali, na pale ambapo mpangaji mzee anataka kununua na ana watoto wa kumsaidia, simwoni mtu mwenye haki ya kumzuia. Ninapinga tu kununua kuwe sharti la kubaki.

Ukikubali kwamba kinachodaiwa ni kukaa, maswali ya mabishano yale yanabadilika. Ghorofa la saba lenye lifti inayozima umeme ukikatika si makao ya mtu wa miaka 75. Ni kifungo chenye mandhari nzuri. Vyumba vya chini vinapaswa kutengwa kabla ramani haijachorwa. Muda nao unakuwa jambo la maadili. Wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa Lang'ata mwaka 2009, na nyumba 822 zilizojengwa zikakabidhiwa 2016. Kijana hupoteza miaka saba ya subira. Mzee huweza kupoteza yote aliyobakiza. Pangani, Nairobi, wapangaji 48 wa nyumba za zamani za kaunti walipewa shilingi 600,000 kila mmoja wa kuhama, pamoja na ahadi ya kurudi, na huo ulikuwa mwanzo wenye heshima zaidi, ingawa fedha haiwezi kumhamisha jirani pamoja nawe. Thika ina nafasi ya kupanga kinyume chake: kujenga kwanza kwenye kiwanja kilicho wazi, kuwahamisha wazee mlango kwa mlango kwa mpangilio uleule waliokuwa nao, anayekaa mkono wa kulia wa fulani abaki mkono wake wa kulia, kisha ndipo tingatinga liitwe. Mpangaji aliyeuliza atalala wapi, na karibu na nani, atakuwa amejibiwa kwa namba ya chumba na kwa majina mawili, la wa kulia na la wa kushoto.